Mswada Unavyofia Njiani Texas

ZUHURA: Novemba ikifika, mbunge wa bunge la jimbo huko Marekani anatangaza miswada yake: kodi ya nyumba, bima, karo. Watu wanapiga makofi. Baraka, hapo tayari pana sheria ngapi?

BARAKA: Hata moja, dada. Tuichukue Texas, maana wasikilizaji wetu wamejaa huko, Houston, Dallas mpaka Abilene, hasa ndugu zetu waliotoka Kongo. Mwaka 2023 miswada zaidi ya 8,000 iliwasilishwa. Iliyopita haikufika 1,300.

ZUHURA: Na bunge lenyewe halikai kama la Dodoma au Nairobi. Mkutano wake wa kawaida ni miaka ya witiri tu, siku zisizozidi 140, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Mshahara wao ni dola 7,200. Kwa mwaka, jamani, si kwa mwezi.

BARAKA: Kwa hiyo kalenda ndiyo bosi. Mkutano wa 2027 unafunguliwa tarehe 12 Januari, lakini miswada inapokelewa tangu Jumatatu ya kwanza baada ya uchaguzi, yaani 9 Novemba 2026. Siku ya 60 ya mkutano, 12 Machi, dirisha linafungwa. Ukichelewa unahitaji kura za wabunge wanne kwa kila watano, isipokuwa mambo kama miswada ya eneo moja au jambo ambalo gavana amelitangaza kuwa la dharura.

ZUHURA: Anayetaka kifungu chake kiingie asingoje Januari. Rasimu zinaandikwa na wanasheria wa Texas Legislative Council, ofisi ya bunge ya kuandaa miswada, na ofisi hiyo ikishazidiwa, wazo lako litakaa foleni. Nenda kwa mbunge mapema, tena na ukurasa mmoja: sheria ya sasa inasema nini, nani anaumia, unataka neno gani libadilike.

BARAKA: Neno gani. Hapo ndipo watu wanapopita haraka.

ZUHURA: Wape mfano wa nywele.

BARAKA: HB 567, yaani mswada namba 567 wa Baraza la Wawakilishi, wa 2023, wa mwakilishi Rhetta Bowers. Alikuwa ameuleta 2021 ukafia njiani. Mara ya pili ukapita, ukaanza kutumika 1 Septemba 2023. Unakataza shule, waajiri na wenye nyumba kumbagua mtu kwa nywele au mtindo unaohusishwa na asili yake. Umetaja misuko, rasta na twisti.

ZUHURA: Na wakati huohuo unaanza kutumika, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Barbers Hill, kule mji wa Mont Belvieu, akatolewa darasani kwa ajili ya rasta zake.

BARAKA: Shule haikusema kosa ni rasta. Ilisema kosa ni urefu: kanuni yake inakataza nywele za mvulana zikiachiwa zishuke kupita nyusi, ndewe za masikio au kola ya fulana. Februari 2024 jaji akaipa shule ushindi, kwa kuwa sheria haitaji urefu popote. Rasta ni nywele za kufuga, lakini hilo halikuwa kwenye karatasi.

ZUHURA: Ndiyo maana tunasema someni mswada wenyewe, msitosheke na tangazo. Uko kwenye tovuti ya bunge, bure. Maneno mapya yamepigwa mstari chini. Yanayofutwa yako ndani ya mabano na yamekatwa kwa mstari. Kama hamna muda, someni hayo tu.

BARAKA: Sasa safari yenyewe. Usomaji wa kwanza ni kutajwa tu, kisha Spika anaupeleka kamati. Mwenyekiti asipoupangia siku ya kusikilizwa, umekwisha, hakuna haja hata ya kupiga kura. Ukisikilizwa, unajiandikisha kama shahidi: jina, unamwakilisha nani, na kama unaunga mkono, unapinga, au unatoa maelezo tu. Dakika mara nyingi ni mbili au tatu.

ZUHURA: Jazeni ile fomu vizuri! Dosari kwenye kumbukumbu za kamati ni silaha. Mpinzani anasimama ukumbini na hoja ya kuhusu utaratibu, anaonyesha kosa, na mswada unarudishwa kamati. Mwezi Mei kurudishwa kamati ni sawa na kuzikwa.

BARAKA: Kwa sababu ya siku ya 122 ya mkutano. Kwa 2027 hiyo ni Alhamisi, 13 Mei. Miswada mingi ya Baraza la Wawakilishi isiyofika usomaji wa pili, yaani mjadala na kura ukumbini, kabla ya saa sita usiku wa siku hiyo imekufa. Wasiotaka mswada fulani wanaongea taratibu kuhusu miswada iliyoutangulia, swali juu ya swali, mpaka saa iwaishie wenzao. Na kabla ya hapo kuna kamati ya ratiba, Calendars, inayoamua upi ufike ukumbini.

ZUHURA: Seneti wana mchezo wao. Juu ya orodha wanaweka mswada ambao hakuna anayekusudia kuupitisha, mambo kama kupendezesha bustani ya kaunti. Miswada inachukuliwa kwa zamu, kwa hiyo huo ukikaa pale, kila mswada mwingine unahitaji ruhusa ya kuurukia, na tangu 2021 hiyo ni kura za sehemu tano kati ya tisa za maseneta waliopo. Maseneta wote 31 wakiwapo, ni 18.

BARAKA: Ukivuka kote huko, gavana ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Akikaa kimya unakuwa sheria bila saini yake. Lakini ukimfikia mwishoni mwa mkutano, anapewa siku 20 baada ya bunge kufungwa, na akiukataa wakati huo hakuna wa kumpinga, wabunge wameshaondoka. Mara ya mwisho bunge la Texas kubatilisha kura ya turufu ya gavana ilikuwa 1979.

ZUHURA: Na uliokufa?

BARAKA: Haubebwi kwenda mkutano unaofuata. Mbunge anauwasilisha upya na unapata namba nyingine, kwa hiyo ukiutafuta kwa namba ya zamani utasoma karatasi iliyokwisha. Tafuta kwa jina la mbunge na mada.