Shangani Mbili

Asalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Leo siko kwenye kile chumba cha London mlichokizoea. Nimekuja likizo, niko nyumbani, nimekaa kwenye ukuta wa baharini hapa Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja. Upepo wa kusi ni mkali, nitasema kwa nguvu, mnisamehe.

Video hii nimemuahidi bibi mmoja, jirani yangu kule. Ni Mbarawa, yaani mtu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, lakini aliolewa Mogadishu. Siku ya kwanza aliponambia nyumba yake ilikuwa Shangani, nilifurahi, nikajua nimepata mtu wa kwetu. Nikamuuliza: Shangani upande gani, bibi, huku Forodhani? Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, Shangani ya Mogadishu. Na nyumba yenyewe haipo tena."

Jamani, mlikuwa mnajua kama ipo Shangani nyingine? Mimi sikujua. Maskati tunaijua, Mombasa tunaijua, Mogadishu tumeiachia taarifa ya habari: tukiisikia ni bomu. Na mji ule ulikuwa na Msikiti wa Fakhr al-Din mwaka 1269, zamani sana kabla ya nyumba hizi tunazojivunia. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika mwaka 1331 akakaribishwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili, pamoja na tangawizi na embe. Nilipomsomea bibi maneno hayo, hakujibu kitu. Alinyanyuka akaenda jikoni, akarudi na chupa ya achari yake ya ndimu.

Tena mji ule ulikuwa chini ya bendera yetu. Liwali, yaani gavana, wa Sultani wetu Sayyid Barghash alikaa kwenye jengo linaloitwa Garesa, ambalo baadaye Waitaliano waligeuza makumbusho. Bandari za Benadir, yaani Mogadishu, Marka, Barawa na Warsheikh, Waitaliano walizikodi kwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1892, na mwaka 1905 wakazinunua kabisa, pauni 144,000. Hili linanichoma. Watu wana misikiti yao, wana makaburi ya wazee wao, wanauzwa kama shehena ya karafuu, wala hakuna aliyewauliza.

Vita vyenyewe bibi havisimulii kwa mpangilio, na mimi simlazimishi. Rais wa Somalia, Siad Barre, aliukimbia mji Januari 1991. Waliomng'oa wakageukiana, kuanzia Novemba wapiganaji wa viongozi wao wawili, Aidid na Ali Mahdi, wakapigana humo humo mjini miezi kadhaa, mji ukagawika pande mbili, na mitaa ya kale, Hamar Weyne na Shangani, ikawa mdomoni mwa mizinga. Watu wa mitaa ile walikuwa wafanyabiashara, wafumaji, masonara. Hawakuwa na jeshi la ukoo la kuwakinga. Waliporwa kila kitu, wengi wakapanda majahazi kukimbilia Mombasa. Bibi dhahabu haitaji. Anautaja mlango wake wa nakshi, uliong'olewa ukafanywa kuni.

Na hapa nilipokaa tusidhani hapakupigwa mizinga. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Waingereza ziliifyatulia kasri ya Sayyid Khalid, aliyejitangaza Sultani bila ridhaa yao. Watu wetu wapata 500 waliuawa na kujeruhiwa, jumba la kifalme la Beit al-Hukm likabomoka, na jirani yake Beit al-Ajaib ikasalimika. Kisha Disemba 2020, bila hata risasi moja, sehemu ya Beit al-Ajaib hiyo hiyo ikaporomoka, na watu wawili wakafa. Kila nikiikumbuka siku ile naona uchungu, maana tulikuwa na amani ya kuitunza nyumba, kitu ambacho bibi hakukipata.

Vita vyetu havikufika saa moja. Vyake vina zaidi ya miaka 30, na watoto wake wamezeeka ugenini.

Nilipomuaga nilimuuliza nimletee nini kutoka nyumbani. Nilidhani atataka karafuu, au kanga. Akasema, "Nionyeshe watoto wanavyochupa baharini." Wa Shangani yao nao walikuwa wakichupa hivyo hivyo, alasiri, maji yakijaa.

Basi bibi, maji yamejaa. Nageuza kamera. Yule mwenye kaptula nyekundu, mwangalie, ndiye anayechupa kwa juu kuliko wote.