Utumbo Mdogo Chini ya Hadubini

Slaidi mliyonayo imetiwa rangi za hematoksilini na eosini, kwa hiyo viini vya seli vina rangi ya zambarau na sehemu kubwa iliyobaki ni waridi. Najua mikono inawawasha kukimbilia lenzi ya 40, yaani inayokuza mara 40. Iacheni kwanza. Utumbo mdogo hutambulika kwa lenzi ya 4.

Tafuteni uwazi wa utumbo, kisha tazameni kinachochomoza kuuelekea. Mkiona vidole vyembamba, hivyo ndivyo vili, vyenye urefu wa nusu milimita hadi milimita moja hivi. Utumbo mpana hauna vili. Uso wake ni bapa, na tezi zake zilizonyooka huzama chini tu.

Tatizo ni kwamba kisu cha maabara hakifuati michoro ya vitabuni. Kikipita mshazari, vili hugeuka visiwa, tezi hugeuka pete, na hapo ndipo wengi huviita vili tezi. Msihangaike na umbo. Ulizeni epithelia, yaani tabaka la seli linalofunika uso, iko upande gani. Kwenye kisiwa cha vili epithelia iko nje, na ndani mna tishu unganishi yenye mishipa midogo ya damu na limfu. Kwenye tezi ni kinyume: epithelia imezunguka kitundu, na tishu unganishi iko nje ya pete. Swali hilo mkilizoea, hata slaidi iliyokatwa vibaya haitawasumbua.

Sasa pandeni hadi lenzi ya 40. Seli nyingi ni ndefu, zenye ukingo wa brashi, yaani vijinyuzi vifupi vilivyosongamana, upande wa uwazi. Katikati yake mna seli za ute, zinazoonekana kama matone meupe kwa sababu ute haushiki vizuri rangi hizi. Huongezeka kadiri utumbo unavyoelekea mwisho. Chini kabisa ya tezi za Lieberkühn, yaani zile zinazozama kati ya vili, kuna seli za Paneth, zilizojaa chembechembe za waridi kali. Zinapendeza, lakini msizitegemee peke yake: hupatikana pia mwanzoni mwa utumbo mpana.

Ni sehemu gani ya utumbo mdogo? Shukeni hadi submukosa, yaani tabaka la ukuta lililo chini ya utando wenye vili na tezi. Ikiwa imejaa tezi za Brunner, zenye seli hafifu za ute, mko kwenye duodenamu, sehemu ya kwanza. Mabaka ya Peyer, yaani vifundo vya limfu vilivyokusanyika pamoja, huashiria ileamu, sehemu ya mwisho. Kifundo kimoja pekee hakithibitishi chochote, maana huweza kutokea popote. Jejunamu, sehemu ya kati, kwa kawaida haina tezi za Brunner wala mabaka hayo. Mara nyingi utaona mikunjo mirefu ya ukuta iliyobeba vili juu yake. Lakini kipande kidogo cha ileamu kinaweza kukosa mabaka ya Peyer kwa bahati tu. Ukiwa na kipande kama hicho, andika "utumbo mdogo", omba kipande kingine, na usibahatishe jina la sehemu.