Utulivu wa Itasca Una Wenyewe

Wazee wetu, mama zetu na vijana, hamjambo. Najua wengi mmekuja kuuliza bei ya kulala kando ya ziwa, na kama mtaruhusiwa kuchoma nyama. Nyama mtachoma. Mengine nitayasema kwa mpangilio wangu.

Tunaishi Minnesota, jimbo lenye maziwa zaidi ya elfu kumi, na bado kiangazi kikifika tunarudi kwenye bustani ileile ya jiji, pembeni mwa maegesho, spika mbili zikishindana. Sina ugomvi na hilo, ndiko tunakojuliana hali. Lakini mwendo wa takriban saa nne kwa gari kutoka Minneapolis, ukielekea kaskazini, kuna Itasca. Ni hifadhi ya jimbo, wala si ya Washington, na sisi tunaichangia. Mwaka 2008 wapiga kura wa jimbo hili walikubali kuongeza kodi ya mauzo kwa asilimia 0.375, na sehemu ya fedha hizo huenda kwenye hifadhi. Vyakula vingi na nguo havitozwi kodi hiyo, ila ukinunua sufuria, tairi au televisheni, mchango wako umeshafika. Anayeniambia kule ni kwa Wazungu namwuliza: risiti zako huwa unazisoma?

Itasca ni jina la ziwa pia, lililo ndani ya hifadhi, na katika ziwa hilo ndipo mto Mississippi unapoanzia. Mto wenyewe pale mwanzo ni kijito cha maji ya magotini. Unakanyaga mawe, unavuka, mtoto wako anavuka, bibi akishikwa mkono anavuka. Kisha maji yaleyale yanashika safari ya maili 2,552 hadi Ghuba ya Meksiko, na husemwa kwamba tone moja huchukua takriban siku tisini kufika. Cha ajabu, mto unaanza kwa kwenda kaskazini, upande wa Bemidji, ndipo baadaye unageuka kuelekea kusini.

Sasa, mawe yale. Hayakuwepo tangu kuumbwa dunia. Zamani pale palikuwa na kinamasi, maji yakitoka polepole katikati ya matope. Miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, vibarua wa serikali walichimba mkondo mpya na kupanga mawe ili mgeni aone mto unaoeleweka. Wenye asili ya Uganda hapa hawatashangaa: pale Jinja, mahali Nile inapotoka ziwani, maporomoko ya Ripon yalizama bwawa la umeme lilipokamilika mwaka 1954. Na kama Speke, mpelelezi Mwingereza wa chanzo cha Nile, alivyotembea na waongozaji Waafrika kama Sidi Mubarak Bombay, huku nako Schoolcraft, mpelelezi Mmarekani anayetajwa kuwa ndiye aliyefika kwenye chanzo mwaka 1832, aliongozwa na Ozawindib, kiongozi wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku. Ozawindib hakuwa akitafuta kitu. Alikuwa akimwonyesha mgeni ziwa ambalo watu wake walilijua na kuliita kwa jina lao.

Nayasema haya kwa sababu ninyi mtafika, mtasikia kimya, na mtadhani kimya kile kimejiotea chenyewe kama uyoga. Hapana. Mwaka 1891 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuanzisha hifadhi hii kwa tofauti ya kura moja tu. Moja! Jacob Brower, aliyekuwa amepima eneo lile, akawa kamishna wa kwanza, na kazi yake ikawa kuvutana na kampuni za mbao. Misonobari mirefu ya eneo lile ilikuwa pesa taslimu.

Mwaka 1903 kamishna wa wakati huo, John Gibbs, akafariki. Gavana akampa kazi binti yake, Mary, msichana wa miaka 24, wakati wanawake wa nchi hii hawajapata haki ya kupiga kura nchi nzima. Wakata miti walikuwa wamejenga bwawa ili wasafirishe magogo, maji yakapanda na kuzamisha ufuko, misonobari ikaanza kufa. Mary akaenda bwawani kudai malango yafunguliwe. Msimamizi wa pale akatishia kumpiga risasi yeyote atakayegusa mitambo. Mary akaweka mkono. Risasi haikupigwa. Simulizi hupenda kuishia hapo, lakini mimi nadhani kinachofuata ndicho kizito zaidi: aliondolewa kazini mwaka uleule, na magogo yakaendelea kushuka kwa miaka. Leo jengo la wageni karibu na chanzo cha mto lina jina lake.

Kwa hiyo mlinzi akikuambia uzime muziki, usimwone ana roho mbaya. Kuanzia saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi ni kimya kambini. Mkinyamaza mtamsikia ndege wa ziwa aitwaye luni, analia usiku kama mtu anayecheka peke yake. Mara ya kwanza watoto watahamia hemani kwenu.

Msiende Jumamosi ya Julai mchana, mtakuta foleni juu ya mawe. Nendeni katikati ya wiki, au Septemba shule zikishafunguliwa. Mbu nao watakuwa wamepungua. Jioni piteni njia ya magari inayozunguka misitu upande wa magharibi. Ndani ya hifadhi kuna maziwa zaidi ya mia, na mengi hamtakuta mtu. Wakati wa baridi kuna wanaokwenda kuteleza kwenye theluji. Hao nawaombea heri.

Kibali cha gari kipo cha siku na cha mwaka mzima, na kinatumika katika hifadhi zote za jimbo; bei ya sasa ulizeni ofisini. Baadhi ya maktaba huazimisha kibali cha siku saba bure, kama kitabu. Nafasi ya hema hufunguliwa siku 120 kabla, na za wikendi huisha haraka. Kuni msibebe kutoka nyumbani, nunueni zilizoidhinishwa, maana wadudu wanaoua miti husafiri ndani ya kuni. Chakula kifungiwe garini usiku, kuna dubu weusi. Mkitoka porini kaguaneni kupe, hasa nyuma ya magoti na kwenye nywele za watoto. Ufukweni hakuna mwokoaji, na kwenye boti mtoto aliye chini ya miaka kumi sheria inamtaka avae boya.

Naona mzee ameinua mkono. Anauliza samaki. Ndiyo, mzee wangu. Mkazi wa Minnesota akisimama ufukweni ndani ya hifadhi ya jimbo anaweza kuvua bila leseni, isipokuwa kwenye maji yanayohitaji kibali cha samaki aitwaye trauti. Idadi ya samaki ina kikomo kwa kila aina, ulizeni ofisini kabla ya kutupa ndoano. Na hapana, wavu hauruhusiwi.