Mitungi Ipo, Chumba Kinavuja

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na sitaacha: gesi ya kuzima moto ikishatoka nje ya chumba cha seva, yaani chumba cha kompyuta za kuhifadhi data, haizimi moto.

Mnanunua HFC-227ea, gesi ya kuzima moto ya jamii ya HFC, mnafunga mitungi, mnabandika cheti ukutani. Sawa. Ikifyatuliwa, gesi hiyo inatakiwa imalize kutoka ndani ya sekunde 10 na ifikie asilimia 7 hadi 8 hivi ya hewa ya chumba. Hapo hakuna tabu. Tabu ni kubaki! Kwa kawaida tunataka ikae dakika 10, ili kilichokuwa kinaungua kipoe, kisije kikawaka tena.

Sasa panda ngazi, sukuma kigae kimoja cha dari, mulika tochi. Utaona tundu la kupitisha mkono mzima. Fundi alitoboa apitishe kebo mbili, akaenda zake, hakuna aliyeziba. Inama chini ya sakafu ya kuinuliwa, utakuta jingine. Gesi hii ni nzito kuliko hewa: inatorokea matundu ya chini, huku hewa ya nje ikiingilia ya juu, kwa hiyo seva za juu kabatini ndizo zinazokosa kinga kwanza. Na mlango nao umeegeshwa kwa kiti, eti kiyoyozi kimezidiwa.

Najua mtaniambia, "Basi tuongeze mtungi." Jamani, ndoo iliyotoboka haijazwi kwa kuongeza maji! Pimeni chumba. Feni inafungwa mlangoni, inasukuma hewa ndani kisha inaivuta nje, na hesabu inawaonyesha gesi itakaa muda gani. Hakuna hata gramu moja ya gesi inayomwagwa. Na kila kebo mpya inapopita, tundu lizibwe siku hiyo hiyo kwa dawa inayohimili moto.

Kuna wanaohofia kwamba gesi itawaua watu. Kaboni dioksidi, kwa kiwango cha kuzima moto wa chumba kizima, inaua kweli. Gesi safi, yaani zisizoacha uchafu kwenye vifaa, kama hiyo HFC-227ea, hupangiwa kiwango kinachomruhusu mtu kuwahi kutoka. Lakini HFC ikikutana na miali hutoa mvuke wa asidi, kwa hiyo kengele ikilia tokeni, msibaki kukusanya kompyuta.

Muda unanibana, niyapitie haraka. Mwaka 2016, hapo Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza HFC kwa kuwa zinaongeza joto la dunia, kwa hiyo anayejenga leo afikirie gesi za naitrojeni na agoni. Ila kishindo, yaani sauti kubwa ya gesi hizo zikifyatuka, nacho kina madhara: Septemba mwaka huo huo, mjini Bucharest, jaribio la gesi katika kituo cha data cha benki ya ING liliharibu diski, huduma zikasimama kwa saa kadhaa. Dai nozeli, yaani midomo ya kutolea gesi, za kupunguza sauti. Betri za lithiamu zitoeni chumba cha seva. Gesi huzima miali, haipoozi betri.

Nakaribisha maswali. Mwenye ripoti ya kipimo cha chumba chake aje nayo hapa mbele tuisome.