Sukari Iliyoungua Ndani ya Betri

Asanteni kwa kuja. Leo ni habari za betri za sodiamu, zinazotumia sodiamu mahali pa lithiamu. Nianze kwa kukiri kosa. Kwa muda mrefu niliwaambia wanafunzi kwamba sodiamu haiingii kwenye grafaiti, ile kaboni ya matabaka iliyomo katika betri za lithiamu, kwa sababu ni kubwa mno. Nusukipenyo cha ayoni yake, yaani atomu yenye chaji, ni pikomita 102, cha lithiamu 76. Hesabu tamu. Siku moja mwanafunzi akauliza: "Mbona potasiamu, yenye 138, inaingia?" Nikaduwaa.

Alikuwa sahihi. Gramu moja ya grafaiti hubeba lithiamu ya miliampea-saa (kipimo cha chaji) 372 na potasiamu ya karibu 280. Sodiamu huambulia kama 35 tu. Kasoro si wembamba wa mlango. Sodiamu haishikamani na grafaiti kiasi cha kufidia nishati inayotumika kutanua matabaka yake. Kwa hiyo anodi, upande hasi wa betri, ndiyo iliyotutoa jasho. Kathodi, upande chanya, tulikuwa nazo: oksidi za matabaka, fosfati za vanadi, hata buluu ile ya wachoraji iliyozaliwa Berlin, ilimradi uyatoe maji yaliyojificha ndani ya fuwele zake.

Mwaka 2000, huko Kanada, Stevens na Dahn waliunguza glukosi wakapata kaboni ngumu, isiyogeuka grafaiti hata kwa moto, iliyobeba miliampea-saa takriban 300 kwa gramu. Ukitaka kuijaribu, jaza robo ya chombo tu. Sukari huyeyuka, hugeuka kahawia, kisha hutoa povu na kufura mpaka ikamwagika; nimewahi kukwangua tanuri asubuhi nzima. Kinachobaki ni gamba jeusi, jepesi, linalovunjika kwa vidole. Lisage, ulirudishe motoni ndani ya gesi ya agoni, nyuzi 1,300 hivi. Matabaka ya kaboni hutaka kujipanga kama grafaiti yakashindwa, kwa kuwa yamekunjamana na kushonana ovyo. Katikati hubaki vijishimo vya kama nanomita moja, na humo sodiamu hujikusanya mpaka ikaanza kuwa na tabia za metali. Vurugu hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Ina gharama yake. Vijishimo vikiachwa midomo wazi, elektroliti, kimiminika kinachopitisha ayoni, hupenya, huchakaa juu ya kila ukuta na kumeza sodiamu katika chaji ya kwanza, isirudi tena. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kuiziba midomo hiyo bila kuziba njia ya ayoni: moto mkali zaidi, au utando mwembamba wa kaboni juu yake. Na msiichaji kwa pupa. Sehemu kubwa ya uwezo wake iko chini ya volti 0.1, hatua moja tu kabla ya sodiamu kuota juu ya elektrodi kama metali.

Faida moja kwa haraka: sodiamu haiungani na alumini, basi tunaipaka anodi kwenye karatasi ya alumini, si shaba.

Hiki hapa kipande nilichokichoma juzi. Kipitisheni, ila msikibane. Masizi yake hayatoki kwa sabuni.