Leseni Imepigwa Laminesheni

ZUHURA: Kassim, kabla ya yote, waambie ulichoonyeshwa Jumanne.

KASSIM: Ushaanza. Jamani, nimepata mkandarasi wa kuniongezea vyumba viwili. Nikamwomba leseni. Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa kadi, imepigwa laminesheni, inang'aa...

ZUHURA: Na kona zimekatwa mviringo!

KASSIM: Mviringo kabisa. Mtu makini huyo.

ZUHURA: Hiyo ni leseni ya biashara. Hata muuza vitabu anayo. Usajili wa ukandarasi ndio unaouliza ana wataalamu gani, vifaa gani, na daraja lake ni la kazi ya ukubwa gani. Kibali cha ujenzi ni karatasi nyingine tena, hiyo ni ya nyumba yako, si yake.

KASSIM: Karatasi tatu, na yenye laminesheni ni ya kwake tu.

ZUHURA: (Anacheka) Nisaidieni.

KASSIM: Tena zinabadilika ukivuka mpaka. Marekani, Illinois jimbo linawapa leseni waezekaji na mafundi bomba, lakini mkandarasi wa majengo anaachiwa miji. Chicago ina madaraja yake, A mpaka E. Nenda California, leseni inatoka jimboni, na namba lazima iwe kwenye kila tangazo.

ZUHURA: Namba ndiyo hoja yangu! Unaitafuta kwenye rejista, unaona kama iko hai au imefutwa. Laminesheni utaitafuta wapi?

KASSIM: Lakini haiogopi mvua.

ZUHURA: Kassim!

KASSIM: Hammurabi, mfalme wa Babeli ya kale, hakuwa na rejista. Zaidi ya miaka 3,700 iliyopita alisema nyumba ikianguka ikamuua mwenye nyumba, mjenzi auawe. Ukuta ukilegea, auimarishe kwa fedha yake. Basi, hakuna fomu.

ZUHURA: Yaani tusubiri ufe kwanza.

KASSIM: Nimekwenda kuona kazi yake. Nimeshusha timazi kwenye kila kona, uzi haukuachana na ukuta. Wenye madaraja makubwa nimewaona wakimwaga zege limejaa maji.

ZUHURA: Kibarua akianguka kutoka kwenye jukwaa, timazi itamlipia hospitali? Kama mkandarasi hana bima, watakuja kwako.

KASSIM: Basi nimdai bima. Leseni ya nini? Fundi mzuri anakwamishwa na ada, anaishia kukodi jina la kampuni iliyosajiliwa. Rejista safi, aliye saiti mwingine.

ZUHURA: Ndiyo maana unadai jina la kwenye mkataba liwe lile la kwenye rejista. Huachi rejista kwa sababu kuna wajanja.

KASSIM: Sikubali.

ZUHURA: Wala mimi.

KASSIM: (Kimya) Tuendelee?

ZUHURA: Kwenda wapi? Nilikuwa na maswali saba ya kumuuliza mkandarasi, imebaki dakika moja. Tuyaweke wiki ijayo.

KASSIM: Wiki ijayo tunachimba msingi.

ZUHURA: Mnachimba na nani?

KASSIM: Muda umetutupa mkono, wasikilizaji. Kwaherini!