Sensa Haina Kosa, Rudi Ulikogusa

Haya, wenzangu. Waliokwisha kunisikia wavumilie, maana Jumamosi boneti zitafunguliwa tena na kosa litakuwa lilelile.

Gari liliingia uani likiwa zima. Umebadilisha chujio la hewa na plagi nne. Unaliwasha, linatetemeka, taa ya injini imewaka, na tayari mtu yuko njiani kwenda Kirinyaga Road kununua sensa. Keti kwanza! Sensa haikungoja ushike spana ndipo ife. Anza pale mkono wako ulipopita.

Nami naanza na hewa. Sensa iliyo karibu na chujio huhesabu hewa inayoingia, kisha kompyuta inapima petroli: kwa kawaida gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Hewa inayopenya nyuma ya sensa haimo kwenye hesabu. Shika ule mpira mnene unaotoka kwenye boksi la chujio kwenda kwenye throto, ule mlango wa hewa wa injini, uukunje. Mikunjo ya upande wa chini, usiouona, ndiyo hupasuka mpira ukishakauka. Ulipouvuta kutoa boksi ulimalizia kazi. Kisha fuata kale kampira kanene kama kidole kanakotoka kwenye kifuniko cha valvu, juu ya injini. Mara nyingi utakakuta kananing'inia tu. Kwa injini nyingi, hata kijiti cha oili kisipokaa vizuri hewa hupita hapo.

Dalili yake: gari linatetemeka kwenye jamu ya Pangani, lakini ukifika Thika Road na kukanyaga, linatulia. Kwa nini? Likiwa limesimama, injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ile ya wizi ni sehemu kubwa. Ukikanyaga, inamezwa na hewa halali.

Naona mkono kule nyuma. Unasema Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi. Kweli, mzee, lakini Nairobi haikupanda Jumamosi! Petroli mbovu nayo? Kama hukujaza tangu ulipofungua boneti, ni ileile ya jana.

Kuhakikisha: ukiwasha tu, kabla ekzosi haijapata moto, puliza kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye kiungo kimoja kimoja. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Dawa hiyo inashika moto, kwa hiyo kaa mbali na koili, zile zinazozipa plagi umeme, na uwe na kizimamoto mkononi. Na mashine ya kusoma misimbo ya makosa ya gari ikionyesha P0171, yaani petroli haitoshi hewa iliyopo, usiing'oe sensa ya oksijeni, ile iliyo kwenye ekzosi. Ndiyo iliyokwambia ukweli, nawe unataka kuifukuza kazi?

Plagi, haraka haraka. Msimbo P0302 ni silinda ya pili inamisi, yaani haiwaki sawasawa. Badilishana koili ya pili na ya tatu. Msimbo ukihamia P0303, koili ni mbovu. Usipohama, tazama plagi kama kauri imepasuka, na soketi kama ililia “tik” ulipoichomeka. Plagi mpya yenye washa, ile pete ya chuma: kaza kwa vidole hadi iguse, kisha nusu zamu kwa spana.

Kuhusu hewa kunasa kwenye rediyeta baada ya kumwaga maji, naona mwenyekiti anaangalia saa. Kifuniko kifunguliwe injini ikiwa baridi tu. Mengine siku nyingine.

Waliokuja na magari, twendeni hapo nje. Kila mtu aanze kwenye boksi la chujio.